Mwanachuo Akija Kijijini, Nani Anamfundisha Nani?

Karibu kila mwaka vijana wa vyuo huja katika vijiji vyetu. Wengine wanasomea ualimu, nao huja kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule zetu. Wengine wanasomea utabibu na uuguzi, nao huletwa kwenye zahanati. Wengine ni wa kilimo, mifugo au maendeleo ya jamii. Wenyewe husema, "Tumekuja fildi." Wapo pia wanaokuja kwa hiari yao wakati wa likizo, kusaidia kuchimba msingi wa darasa, kupanda miti au kufundisha kisomo.

Wanakijiji wengi huwatazama vijana hawa kama wageni wa kupita. "Waache watoto wa watu wamalize mtihani wao, waende zao." Ndivyo wasemavyo wengine. Lakini sisi tunaofanya kazi ya elimu ya watu wazima tunasema kwamba jambo hili linawahusu sana wanakijiji.

Fikiri kidogo. Kijana huyu kesho ndiye mwalimu wa mtoto wako. Ndiye muuguzi atakayempokea binti yako usiku wa kujifungua. Ndiye ofisa atakayesoma barua yako ya malalamiko. Je, atakuwa mtu wa namna gani? Atakusikiliza au atakufokea? Atajua kazi yake au atababaika? Majibu ya maswali haya hayatoki chuoni peke yake. Sehemu yake hutoka kwetu, huku vijijini.

Katika makala hii tutaeleza jinsi kazi ya kuwatumikia watu inavyojenga tabia ya mwanachuo. Pia tutaeleza jinsi inavyompa moyo wa kujiamini. Mwisho tutaeleza kijiji kifanye nini ili kazi hiyo isiwe bure.

CHAKULA CHA KIJIJI KIZIMA

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu wa kwanza, alitoa mfano mmoja. Mfano wenyewe ulikuwa hivi. Kijiji kimepatwa na njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula kidogo kilichobaki, wanampa mtu mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Mtu huyo akila akashiba, kisha asirudi na msaada, amewasaliti wenzake. Ndivyo alivyo msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wengi, kisha akawasahau.

Mfano huo una maana hata leo. Mkulima akiuza mazao hutoa ushuru. Akinunua sabuni au sukari, ndani ya bei yake mna kodi. Fedha hizo husaidia kujenga vyuo na kulipa wakufunzi. Tena mzazi huuza mbuzi, na wakati mwingine ng'ombe, ili kijana apate ada na nauli. Basi kijana wa chuo anakula chakula cha kijiji kizima.

Lakini je, kumwambia kijana "una deni" kunatosha? Hapana. Historia inatuonyesha hivyo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni vijana waliingia kwa hiari. Mwaka 1966 serikali ilitaka vijana wanaomaliza masomo ya juu waingie kwa sheria. Tena kwa muda fulani sehemu kubwa ya mshahara wao ingekatwa. Wanafunzi hawakupenda. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mjini Dar es Salaam. Wengine walibeba bango la kusema kwamba afadhali enzi za wakoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa shilingi 20 katika kila shilingi 100. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi chuoni baadaye.

Utumishi huo wa lazima uliendelea mpaka mwaka 1994, ukasimama. Ulianza tena mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita.

Tunajifunza nini hapo? Sheria yaweza kumfikisha kijana kazini. Hilo ni jambo jema, maana asipofika hataona kitu. Lakini moyo wake hauji kwa amri. Moyo huja pale anapoona kwa macho yake kwamba kazi yake imemsaidia mtu.

Jambo hilo lilionekana wakati wa kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 chama cha TANU kiliamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1975 watu wazima wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Walimu wa kazi hawakutosha. Basi watu walijitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba na wanafunzi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha 67 katika kila 100. Baada ya mtihani wa Agosti 1975 walionekana kuwa 39 katika kila 100. Ninyi mnaosoma gazeti hili mnajua furaha ya siku ile mtu anapoandika jina lake mwenyewe. Basi jueni kwamba na yule aliyeshika chaki hupata furaha yake. Furaha hiyo humbadilisha.

KAZI INAVYOJENGA TABIA

Chuoni kijana hufundishwa mambo mema. Huambiwa, "Fika kwa wakati. Heshimu watu. Usimdharau mtu." Huyaandika katika daftari, huyajibu katika mtihani, hupata alama. Lakini kujua neno si kuwa na tabia. Tabia hujengwa kwa kutenda, tena mara nyingi, mbele ya mtu ambaye ataumia ukikosea.

Tuchukue mfano wa darasa la kisomo. Tuseme mwanachuo wa ualimu amepewa darasa la watu wazima 20. Darasa linaanza saa kumi jioni. Siku ya kwanza yeye anafika saa kumi na nusu. Kwake amechelewa nusu saa tu. Hebu tupige hesabu. Watu 20 wamengoja, kila mmoja nusu saa. Jumla ni saa 10. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja shambani kutwa nzima! Mle darasani yumo mama aliyeacha maharage jikoni. Yumo mzee aliyewaacha ng'ombe na mjukuu mdogo.

Mtoto wa shule hawezi kumwuliza mwalimu kwa nini amechelewa. Mtu mzima atamwuliza. Au atanyamaza, na kesho haji. Siku ya tatu kijana anakuta watu 12. Anauliza, "Wengine wako wapi?" Mama mmoja anamjibu kwa upole, "Mwanangu, wenzetu wamesema wewe una muda, wao hawana." Maneno hayo yanamwingia. Tangu siku hiyo anafika kabla ya saa kumi, anafagia, anapanga viti. Hakuna kitabu kitakachomfundisha thamani ya muda wa mkulima kama viti vitupu.

Katika darasa hilohilo yupo mzee wa miaka 60. Kila akipewa kitabu anakisogeza mbali, anakunja uso, anakosea herufi. Kijana anaandika katika daftari lake, "Mzito wa kuelewa." Mwalimu mwenyeji anamshauri, "Mwandikie neno lilelile ubaoni, kwa herufi kubwa." Anaandika. Mzee analisoma bila kukwama. Kumbe shida si akili, ni macho! Watu wengi wakipita miaka 40 huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Wanachohitaji ni miwani ya kusomea, mwanga wa kutosha na maandishi makubwa. Kijana anafuta yale aliyoandika. Amejifunza kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kuchunguzwa. Kesho akiwa mwalimu wa shule, akamwona mtoto anayekosea kusoma, atauliza kwanza, "Je, anaona vizuri? Amekula? Anasikia?" Hatakimbilia fimbo.

Yupo pia bibi mmoja ambaye hesabu za kuandika zinamshinda. Lakini bibi huyo anauza vitumbua kila asubuhi. Anajua kichwani bei ya unga, mafuta na sukari, na faida inayobaki. Kijana akikaa naye jikoni saa moja tu, anaona kwamba hesabu bibi anayo. Asichokijua ni alama za kuandikia. Basi kazi ya kijana ni kumwonyesha bibi jinsi ya kuandika kile ambacho tayari anakijua. Heshima ya namna hiyo haitoki katika maneno ya "shikamoo" peke yake. Inatoka katika kuona kwamba mtu asiyesoma si mtu asiyejua.

Mambo hayo matatu, yaani kutunza muda wa wenzako, kutomhukumu mtu ovyo na kuheshimu ujuzi wa watu, ndiyo tabia tunayoisema. Hayaingii siku moja. Huingia polepole, kama maji katika mtungi.

KAZI INAVYOLETA KUJIAMINI

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Kujivuna ni kujiona mkubwa kuliko wenzako. Kujiamini ni kujua kwamba kazi hii unaiweza, kwa sababu umeifanya na watu wameiona. Mwenye kujivuna huogopa maswali. Mwenye kujiamini huyapokea.

Wanachuo wengi wana alama nzuri lakini hawajiamini. Si ajabu. Tangu darasa la kwanza kijana huyu amekuwa mtu wa kuulizwa na kujibu. Anayemuuliza ni mwalimu, na mwalimu tayari anajua jibu. Leo anasimama mbele ya wazee na akina mama wanaouliza maswali ambayo hayamo kitabuni. Mikono inatetemeka. Sauti inakauka. Dawa ya woga huo ni nini? Ni kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa mwanachuo wa uuguzi. Anasimama zahanati kuwafundisha akina mama juu ya mtoto anayeharisha. Anajua kwamba mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na kwamba hilo ndilo linaloua. Anajua kwamba dawa iliyo bora ni ile ya pakiti, inayochanganywa na maji, pamoja na vidonge vya zinki, na kwamba vyote hutolewa zahanati. Anaeleza pia la kufanya kama pakiti haipo na njia ni ndefu: maji safi yaliyochemshwa na kupozwa lita moja, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Anamaliza, anashusha pumzi.

Mama mmoja ananyosha mkono. "Mwanangu, mimi kwangu sina kipimo cha lita. Nitajuaje?" Mwingine anasema, "Na vijiko vyangu ni vikubwa, vya wali. Ni sawa?" Kijana anababaika. Hilo halikuwa katika mtihani. Lakini swali la mama ni la maana sana, kwa sababu chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.

Jioni anakaa na muuguzi wa zamani. Wanatafuta vipimo vilivyomo majumbani. Wanaona chupa za maji za nusu lita zimejaa kila mahali. Mbili zinatosha lita moja. Kesho yake anakuja na chupa mbili, kijiko cha chai na kijiko cha wali. Anawaonyesha tofauti. Anasawazisha sukari kwa kisu ili kijiko kisiwe na kichuguu. Kisha anasema, "Sasa mama, njoo uchanganye wewe, sisi tukutazame." Mama anachanganya. Wenzake wanamsahihisha, wanacheka, wanarudia. Kijana anasisitiza kwamba mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au akitoa choo chenye damu, aletwe zahanati mara moja.

Baada ya siku hiyo kijana si yule wa jana. Sauti imetulia. Kwa nini? Si kwa sababu amesifiwa. Ni kwa sababu alikwama, akatafuta, akarudi, akafaulu mbele ya watu walewale waliomwona akikwama. Kujiamini kwa namna hiyo hakupeperushwi na upepo.

Sasa tumtazame mwanachuo wa kilimo. Anawaambia wakulima wapande mahindi kwa mistari, sentimita 75 toka mstari hadi mstari, na sentimita 30 toka shimo hadi shimo, mche mmoja kila shimo. Amewatengenezea kamba yenye mafundo kila sentimita 30, na fimbo ya sentimita 75. Amepiga hesabu kwamba ekari moja itachukua mashimo karibu 18,000. Hapo anajiona hodari. Mzee mmoja anauliza, "Mjukuu wangu, mimi mahindi yangu nayachanganya na maharage. Maharage nayaweka wapi?"

Kijana hajui. Hapa pana njia mbili. Njia ya kwanza ni kubuni jibu ili asiaibike. Njia ya pili ni kusema, "Mzee, hilo silijui. Nitamwuliza Bwana Shamba, nikuletee jibu keshokutwa." Wengi hufikiri kwamba akisema "sijui" atadharauliwa. Sivyo. Akibuni jibu na shamba likaharibika, hapo ndipo atakapodharauliwa, na Bwana Shamba atakayekuja baada yake hatasikilizwa. Lakini akisema "sijui" na keshokutwa akafika na jibu kama alivyoahidi, mzee atamwamini hata katika mambo mengine. Na kijana mwenyewe atakuwa amejua siri kubwa. Mtu anayejiamini si yule anayejua kila kitu. Ni yule anayejua mahali ujuzi wake unapoishia, na anatimiza ahadi.

Tuseme neno pia juu ya wasichana. Wasichana wengi wamelelewa wanyamaze mbele ya wazee wa kiume. Msichana wa chuo anaposimama katika mkutano wa kijiji akaeleza jambo, na wazee wakamwuliza na kumjibu kwa heshima, hushinda woga wa miaka mingi. Tena mabinti wa kijiji waliokaa nyuma wanamwona. Nao huanza kusema moyoni, "Kumbe hata mimi naweza."

KAZI ISIYOMJENGA MTU

Tusidanganyane. Si kila kijana anayekwenda fildi hurudi amekuwa mtu bora. Wengine hurudi na tabia mbaya zaidi. Hutokea hivyo kwa sababu zipi?

Sababu ya kwanza ni kazi za uongo. Kijana anafika, anapewa kazi ya kununua vocha na kuchota maji ya wakubwa, siku zinakwisha. Mwisho fomu yake inawekwa sahihi na mhuri kwamba amefanya vizuri sana. Huyo amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba mhuri ni bora kuliko kazi. Akiwa ofisa, naye atapiga mihuri ya uongo.

Sababu ya pili ni kuachwa peke yake. Kuanzia mwaka 1976, wakati wa kujiandaa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walisomeshwa ualimu hukohuko vijijini. Walifundisha watoto huku wao wenyewe wakisoma, kwa masomo ya posta na ya redio. Wakufunzi waliwazungukia. Watu wengine waliwadharau vijana wale, lakini shule nyingi zisingefunguliwa bila wao. Waliotengeneza mpango ule walijua jambo moja: kijana anayejifunza kazi lazima awe na mtu mzima wa kumwuliza. Anayeachwa peke yake hujifunza kuficha makosa.

Sababu ya tatu ni kuja kuchukua tu. Vijana wengine huja na karatasi za maswali. Wanauliza una mbuzi wangapi, unakula mara ngapi, choo chako kikoje. Wanaandika, wanaondoka. Kijiji hakisikii tena. Wanakijiji wamechoka na maswali ya namna hiyo, na wana haki. Kijana naye amejifunza kwamba watu wa kijijini ni kama mgodi: unachimba, unabeba, unakwenda.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mwanachuo, jembe lenyewe ni kazi ya kweli. Tunashauri mambo haya.

1. Mpokeeni kwa utaratibu. Mwenyekiti wa kijiji na ofisa mtendaji wamtambulishe katika mkutano. Watu wajue amekuja kufanya nini, na kwa muda gani.

2. Mpeni kazi moja inayoonekana, tena iliyo ndani ya ujuzi wake. Kwa mfano: darasa moja la kisomo, shamba moja la mfano, au kupima uzito wa watoto chini ya uangalizi wa muuguzi. Kazi moja iliyokamilika ni bora kuliko kumi zilizoachwa njiani.

3. Mpeni mtu mzima wa kumwongoza. Awe mwalimu, muuguzi, Bwana Shamba au mkulima hodari. Waonane angalau mara moja kwa wiki, waulizane: "Nini kimekwenda vizuri? Nini kimekwama?"

4. Mwambieni kweli. Akichelewa, mwambieni. Akifanya vizuri, mwambieni pia. Msimsifu ovyo kwa sababu ni mgeni, wala msimtukane kwa sababu ni kijana. Kumsahihisha mtoto wa mwenzako kwa upole ni kumsaidia mzazi wake.

5. Msiweke sahihi katika kazi ambayo haikufanyika. Hapa kusoma kwenu kuna faida kubwa. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba bila kujua karatasi inasema nini. Leo soma fomu kwanza. Kama inasema alifundisha siku 30 na wewe ulimwona siku 10, usitie sahihi mpaka irekebishwe.

6. Lindeni usalama wao, hasa wasichana. Watafutiwe nyumba ya kulala yenye heshima. Mtu yeyote anayemsumbua binti wa chuo achukuliwe hatua, hata kama ni mkubwa. Vilevile mwanachuo wa kiume akiwasumbua mabinti wa shule, msimfiche. Chuo kiarifiwe, na sheria ifuate mkondo wake.

7. Dai majibu. Kama amekuja kuuliza maswali, mwombeni kabla hajaondoka asome mbele ya mkutano yale aliyoyaona. Kijiji kisahihishe penye makosa. Nakala moja ibaki ofisini, ili mwenye kutaka kuisoma aisome.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji watu wanaojali.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi mwenye kijana chuoni asifikiri kwamba kazi hii ni ya vijiji vya watu wengine. Kijana wako akirudi likizo, usimweke kitini kama mkwe kwa sababu eti ni msomi. Mwache ashike jembe. Mpe barua ya mama jirani amsomee. Mpe hesabu za chama cha ushirika au za kikundi cha kuweka na kukopa azikague pamoja na mhasibu wa kikundi. Mwache afundishe watoto wa mtaa hesabu za jioni. Mwanzoni atanung'unika. Ataona aibu mbele ya rafiki zake. Baadaye utasikia yeye mwenyewe anasema, "Kesho nina darasa."

Pia mzazi asikubali kijana amdharau. Ukiona anakukatiza maneno kwa sababu hukusoma sana, mwulize swali moja tu: "Mwanangu, elimu yako imemsaidia nani mpaka leo?" Kama ana jibu, mshukuru. Kama hana, mwonyeshe mahali pa kuanzia.

Ndugu wasomaji, tumeuliza juu ya makala hii: nani anamfundisha nani? Sasa jibu liko wazi. Mwanachuo anakuja na kitabu. Kijiji kina maisha yenyewe, yaani watu, mashamba, watoto, shida na akili ya kuzitatua. Mwanachuo anawafundisha ninyi jinsi ya kuchanganya dawa, kupanda kwa mistari au kusoma herufi. Ninyi mnamfundisha kufika kwa wakati, kusikiliza, kusema kweli na kusimama mbele ya watu bila woga wala majivuno. Hayo ya kwenu hayaandikwi katika cheti chake. Lakini mgonjwa wa kwanza atakayempokea akiwa kazini atayaona, na mtoto wa kwanza atakayemfundisha atayaona pia. Huenda mtoto huyo akawa wako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, mwaka huu kijiji chenu kimepokea wanachuo? Walifanya kazi gani? Nini kimebaki baada ya wao kuondoka?

2. Watu wazima 25 wakimngoja mwalimu robo saa kila mmoja, jumla ni saa ngapi zimepotea?

3. Kuna tofauti gani kati ya kujiamini na kujivuna? Toeni mifano ya hapa kijijini.

4. Mwanachuo amekuomba utie sahihi kwamba amefundisha mwezi mzima, na wewe unajua alifundisha wiki mbili. Utamwambia nini? Mmoja ajifanye mwanachuo, mwingine mwanakijiji, muigize mbele ya wenzenu.

5. Tajeni kazi tatu za kweli ambazo kijiji chenu kingeweza kumpa mwanachuo akija. Ziandikeni, mzipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji.